Vijiko Vitatu

Kwetu, mtu akikukaribisha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, huanza yeye kuonja mbele yako. Hakuna anayeieleza desturi hiyo. Kila mtoto huikuta. Mwenye nyumba huvuta mrija, akameza, akafuta mdomo, ndipo akakupa kibuyu. Maana yake inaeleweka: kama kuna kitu humu, tutaondoka wote. Nimekunywa hivyo tangu nilipomaliza kidato cha nne hadi leo nina wajukuu, na siku zote niliona ni heshima. Sikujua kwamba heshima hiyo inaweza kugeuzwa kuwa silaha mpaka nilipoigeuza mwenyewe, chumbani kwa mgonjwa, mbele ya mke wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa na saratani ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya kiuno. Hospitali walimwambia wazi kwamba hawataiondoa. Kilichobaki ni kumtunza asiteseke. Walimpa morfini ya maji, katika chupa ya plastiki kama za dawa ya kikohozi, na kila mwezi muuguzi alimtembelea nyumbani kwa pikipiki. Yeye alikaa Kibingo, upande wa Kyerwa. Mimi nakaa Bweranyange, Karagwe. Nilikwenda kukaa kwake wiki mbili nikawaambia watu kwamba nakwenda kumuuguza. Kweli ni kwamba nilikwenda kumchunguza mke wake.

Mke huyo hakuwa yule wa ujana. Wa kwanza alifariki akaacha watoto, na mkubwa wao sasa anafanya kazi Bukoba. Huyu wa pili mdogo wangu alimpata Nkwenda, ambako alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni. Kwenye ukoo wetu hilo lilitosha. Mpishi wa nyumba ya wageni amepikia watu gani, amejifunza nini kwao? Hatukuwa na jibu, na kwa kuwa hatukuwa nalo tulilitunga. Mdogo wangu alipoanza kukonda, dada yetu alinipigia simu akasema, "Nenda ukaangalie anacholishwa." Hakuongeza neno, nami sikumuuliza.

Kitu cha kwanza kukiona nilipofika ni kwamba dawa ilifungiwa. Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda, na ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya shemeji.

"Dawa hii mnamficha nani?" nikamuuliza.

"Muuguzi ndiye aliyesema. Kuna watoto wanaingia humu, na kuna vijana wanaitafuta."

"Vijana wa wapi?"

"Wa popote, shemeji. Kwani Bweranyange hawapo?"

Nilikuwa nimesikia kwamba Nkwenda, pale malori yanapolala kabla ya kwenda mpakani, kuna watu wanaokunywa dawa za maumivu ili walewe. Basi nikachukua maneno yake mwenyewe nikayafanya ushahidi. Anajua wanaoitafuta. Anawajuaje?

Siku ya tatu aliingia na kipimo cha jioni. Alikuwa anapima kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, kisha anamimina kwenye kikombe. Nikamwambia, "Onja kwanza."

Alidhani natania. "Hii si rubisi, shemeji."

"Ndiyo maana nakuambia uonje. Ingekuwa rubisi ningeonja mwenyewe."

"Nimekatazwa. Dawa ya mgonjwa mtu mwingine haigusi."

"Tone moja tu kwenye ulimi."

"Hata hilo tone. Ukitaka onja wewe, lakini ukianguka kwenye migomba usiseme nimekusukuma."

Mdogo wangu alicheka pale kitandani, akishika kiuno chake. "Mzee huyu," akasema, "hajapata binti wa kumlewesha hadi anataka kunileweshea mke."

Wote wawili walicheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekataa kuonja kinywaji anachokupa, kwetu amekwisha kujieleza. Usiku huo sikulala vizuri, na asubuhi kabla jua halijatoka nilimwambia kwamba mimi ndiye mkubwa, na chupa itakaa kwangu.

Nilitegemea ugomvi. Hakugomba. Alifungua sanduku, akanipa chupa, akanionyesha bomba. "Mpaka kwenye mstari huu, basi. Saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili, na kabla hajalala. Akizidi kuumia tunampigia muuguzi, yeye ndiye anayeongeza. Usimzidishie hata akilia."

"Nilisoma, shemeji."

"Najua ulisoma. Nakuambia alichoniambia."

Kisha akaniomba avute vipimo viwili pale pale, kimoja cha saa kumi na mbili ile, kingine cha saa nne, kwa sababu saa nne mimi ningekuwa shambani. Nilimwona akimpa mgonjwa cha kwanza. Cha pili alikiacha ndani ya bomba, akalifunga kwenye kitambaa safi na kuondoka nalo. Nikasema moyoni: hicho kinakwenda Nkwenda.

Saa nne na nusu nilirudi kutoka kwenye kibanja, shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, nikamkuta mdogo wangu anaguna. Shemeji alikuwa amekwenda bondeni kuchota maji.

"Umepewa dawa ya saa nne?"

"Bado."

"Bado?"

"Sijapewa kitu tangu jana."

Tangu jana. Saa kumi na mbili ya asubuhi hiyo nilikuwa nimesimama pale pale nikimtazama akinywa. Neno hilo moja lingetosha kunionyesha kwamba ugonjwa na dawa vilikuwa vimemchanganyia saa, na kwamba jibu lake halikuwa la kutegemewa. Lakini nilichukua ile "bado" niliyoitaka, ile "tangu jana" nikaiacha ipite.

Bomba sikulikuta. Nikachukua kijiko cha kunywea uji, kile kikubwa. Cha kwanza alikimeza na kusema ongeza. Cha pili nilimpa kwa sababu nilimhurumia. Cha tatu nilimpa kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake.

"Sasa naona nina kaka," akasema.

Nikatoka nje kugeuza kahawa kwenye mkeka. Nilijisikia vizuri. Ni lazima nilikiri hilo, maana watu hudhani kosa kubwa hutendwa na mtu mwenye wasiwasi. Mimi niligeuza kahawa huku napiga mluzi.

Saa sita kasoro niliingia kumtazama. Alikuwa anakoroma, lakini si mkoromo wa usingizi. Ulikuwa unatokea kooni kama kitu kinachokwaruzwa, kisha kimya kirefu, kisha mwingine. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwita. Nilimtikisa. Kichwa kilikwenda nilikokisukuma na kubaki huko.

Wazo la kwanza kunijia lilikuwa vijiko vitatu. Nalisema hapa kwa sababu miaka hii sijawahi kumwambia mtu kwamba lilikuwa la kwanza. La pili lilikuja haraka likalifunika: uji wa asubuhi, alioupika yule mwanamke. Nikashika la pili. Nilihisi hata kama furaha, Mungu anisamehe, ya mtu aliyekuwa akisema jambo bila kusikilizwa na sasa limeonekana.

Kabla ya kumshika mkono mdogo wangu nilishika simu. Nilimpigia mwanawe wa Bukoba. "Baba yako amelishwa kitu," nikamwambia. "Njoo." Kisha nikatoka uani kumwita jirani mfugaji, ambaye boma lake liko juu kidogo ya nyumba, alete maziwa yasiyochemshwa. Kwetu maziwa hukata sumu. Hilo tumelizaliwa nalo, wenye ng'ombe na wasio nao.

Alikuja na kibuyu, anatania tangu mlangoni. "Leo mzee wa Bweranyange amekumbuka kwamba ng'ombe wangu nao wanakamuliwa?" Alipoona kitandani alivua kofia.

Tulimlaza chali. Jirani aliinua shingo, mimi nikamimina. Maziwa yalikaa mdomoni meupe, hayakwenda popote. Kisha yakashuka yenyewe, bila koo kusogea. Kifuani ikatoka sauti ya kitu kinachochemka.

"Hamezi," jirani akasema.

"Atameza."

"Mzee, huyu hamezi."

Nikamimina tena.

Shemeji aliingia na ndoo ya maji bado kichwani. Aliitua. "Mnafanya nini?"

"Usimguse," nikamwambia. Nilisimama kati yake na kitanda, mkono nimeunyosha. "Ukae huko nje. Watu wakija utaulizwa."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kifua cha mume wake, na midomo yake ilikuwa inahesabu. "Hapumui sawasawa," akasema. "Mlazeni ubavu. Mtoeni hayo maziwa."

"Nimesema usimguse."

"Kwani amelishwa na nani?" jirani akaanza kuuliza, "maana mimi nilisikia..." na hakumaliza, kwa sababu shemeji alinisukuma kwa bega. Mke wa mdogo wako kukusukuma wewe mkubwa, kwetu hilo ni jambo la kuitisha kikao. Niliangukia gunia la kahawa. Nilipoinuka alikuwa ameshamgeuza ubavu, goti la juu amelikunja mbele ili asipinduke kifudifudi, kidevu amekivuta juu, na maziwa yanatoka mdomoni yakimwagika kwenye mkeka. Aliingiza kidole kilichozungushiwa kitambaa akafuta. Kwa mkono mwingine alikuwa anapiga simu. Aliiweka kitandani ikisema kwa sauti, na chumba kizima kikamsikia muuguzi.

"Mwite jina lake. Msugue mfupa wa katikati ya kifua kwa ngumi, kwa nguvu, umuumize. Anaamka?"

"Haamki."

"Fungua jicho. Mboni ikoje?"

"Kama ncha ya sindano."

"Nani ana saa? Hesabuni anapumua mara ngapi kwa dakika."

Saa nilikuwa nayo mimi. Nilihesabu. Nilitaka sana kuhesabu nyingi, lakini nilipata nne.

"Asipewe kitu chochote mdomoni," muuguzi akasema.

"Amepewa maziwa," shemeji akajibu. Hakusema amepewa na nani.

Muuguzi akaendelea. "Basi yatoke kwanza, yote yanayoweza kutoka. Sasa niambie ukweli. Amekunywa morfini kiasi gani leo?"

"Kipimo kimoja saa kumi na mbili. Kingine saa nne."

Saa nne. Alimpa. Alimpa kwa saa yake, akaliosha bomba, akaenda zake kuchota maji.

"Kwa vipimo hivyo asingekuwa hivi," muuguzi akasema. "Kuna kingine. Dawa nyingine? Pombe? Nani mwingine amempa kitu?"

Jirani alimtazama shemeji. Shemeji alitazama simu. Mimi nilitazama saa yangu, kama mtu ambaye bado ana kazi ya kuhesabu. Wakati huo wote mdogo wangu alikuwa anavuta pumzi moja, tunasubiri, anavuta nyingine. Nilinyamaza kwa pumzi mbili. Mtu mzima anaposimulia anaweza kusema alishtuka, au ulimi ulikuwa mzito. Ulimi wangu haukuwa mzito. Nilikuwa napima kama atapona bila mimi kusema.

Pumzi ya tatu haikuja.

"Vijiko vitatu," nikasema. "Vikubwa. Saa nne na nusu. Ni mimi."

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hapakuwa na nafasi ya kunitazama. Muuguzi alisema haraka, bila kupandisha sauti: mlaze chali sasa, kichwa nyuma, kidevu juu, bana pua, mpulizie mdomoni mpaka kifua kiinuke. Moja. Hesabu hadi tano. Nyingine. Msiache. Kuna sindano ya kuzindua mtu aliyezidiwa na dawa hii, lakini iko hospitali, zahanati hawana. "Mtafuteni gari, mje mnampulizia njia nzima. Nitawakuta mlangoni."

Jirani alitoka mbio. Kulikuwa na mnunuzi wa ndizi aliyekuwa anapakia matoke kwenye pikapu barabarani. Baadaye nilisikia kwamba hawakupatana bei wala kubishana, yule mnunuzi alipanda mwenyewe nyuma akaanza kuitupa mikungu yake chini.

Shemeji alimpulizia mume wake chumbani, akampulizia tukimbeba, akampulizia amepiga magoti kwenye majani ya migomba nyuma ya pikapu. Mimi nilihesabu. Hiyo ndiyo kazi aliyonipa, na hakunipa kwa upole. "Hesabu kwa sauti, nikusikie." Moja, mbili, tatu, nne, tano, anapuliza. Kwenye makorongo mdomo ulimtoka, akaurudisha. Mara tatu maziwa yalirudi, akamgeuza ubavu, akafuta, akaendelea, na maziwa yale yalikuwa usoni mwake na kwenye nywele zake. Vumbi la barabara lilitukaa wote. Mahali fulani aliinua kichwa, akaniambia, "Nimechoka, badilisha," nami nikainama nikaweka mdomo wangu kwenye mdomo wa mdogo wangu. Ulikuwa wa baridi, wenye ladha ya maziwa niliyoyamimina. Kifua chake kiliinuka kwa pumzi yangu. Nilijisemea kwamba kisiposhuka na kuinuka tena chenyewe, basi sina pa kurudi, si Kibingo wala Bweranyange.

Mlangoni pa hospitali walimpokea na mfuko wa kupulizia hewa na ile sindano. Haikuchukua muda. Alivuta pumzi kubwa kama mtu aliyeibuka majini, akafungua macho, na kilichofuata ni kilio, kwa sababu sindano ile inapoizuia dawa kufanya kazi, maumivu hurudi yote kwa pamoja. Nilikuwa nje ya pazia. Nilimsikia mdogo wangu akilia kwa maumivu na nikashukuru, na nikaona aibu kwa kushukuru. Baada ya nusu saa alianza kuzama tena usingizini, wakamchoma nyingine. Muuguzi alitueleza kwamba sindano huisha nguvu mapema kuliko morfini, ndiyo maana mtu akishazinduka bado hapelekwi nyumbani.

Daktari kijana alitoka na karatasi. "Nani alimpa maziwa?"

"Mimi."

"Yameingia kwenye mapafu."

Aliandika, hakuniambia kitu kingine. Ningependa angenigombeza.

Mtoto wa mdogo wangu alifika kutoka Bukoba jioni. Alishuka kwenye gari na uso wa mtu aliyetengeneza maneno njia nzima, na maneno hayo nilikuwa nimempa mimi. Shemeji alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga yake imekakamaa kwa maziwa yaliyokauka. Kijana alimpita bila salamu, akaja kwangu.

"Shikamoo, baba mkubwa. Amemlisha nini?"

"Marahaba. Hajamlisha kitu. Dawa nilimzidishia mimi."

"Usimtetee."

"Simtetei."

"Uliniambia amelishwa."

"Nilikuambia hivyo. Nilikuwa nimeshamlisha mwenyewe."

Nikaona jambo ambalo sikulitarajia: hakuniamini. Alidhani nimetishwa, au na mimi nimepewa kitu. "Na yeye alikuwa wapi wakati huo wote?" akauliza.

"Nilimzuia asiingie. Alijua la kufanya, nikamzuia. Usingemkuta baba yako hai kama asingenisukuma."

Ilibidi nimweleze mara tatu pale uwanjani, kijiko kwa kijiko. Mara ya tatu alikaa chini kwenye ukingo wa saruji. Kisha akaenda kwenye lile benchi akamwambia shikamoo mama mdogo, akamletea maji ya kunawa. Dada yetu nilimpigia simu siku hiyo hiyo. Naye hakuniamini, na hadi leo hajaniamini. Neno nililolisema kwa dakika moja nimekuwa nikilirudisha miaka, na kuna nyumba ambazo limekataa kutoka.

Mdogo wangu alirudi nyumbani na kikohozi. Saratani ilikuwa yake. Kikohozi kilikuwa changu. Kilimnyima usingizi ambao morfini ilikuwa inampa, na kilipomshika, kiuno kilimtesa kuliko kabla. Hakuwahi kunilaumu. Aliwaambia watu kwamba kaka yake ana mkono mkubwa wa kumiminia, wakacheka, na mimi nilikaa pale nikachekwa.

Nilikwenda Kibingo kila Jumamosi mpaka alipofariki, msimu wa kahawa ulipokuwa unaisha. Shemeji alinipokea vizuri kila mara. Aliniamkia, alinipa chai, aliniuliza habari za Bweranyange. Lakini sikukaa tena peke yangu na mdogo wangu, hata kwa muda wa mtu kwenda uani. Akitaka kutoka aliita jirani aingie kwanza. Nilikuwa nimemshuku bila sababu. Yeye alinishuku akiwa nayo.

Jumamosi moja mdogo wangu aliamka akaomba maji. Mtungi ulikuwa karibu nami, na kikombe juu yake. Nilianza kuinuka.

"Kaa, shemeji," akasema mke wake, akaacha kumenya ndizi, akanawa mikono.

Nikakaa.